Nikichukua uraia wa Ujerumani, kihamba alichonipa baba kitakuwa cha nani?

BARUA

Shikamoo dada,

Nimekuwa nikisoma safu yako kimyakimya kwa muda mrefu, sikudhani kama na mimi ningekuja kuandika. Naomba usitaje jina langu wala mji ninaoishi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Kilimanjaro, upande wa Marangu. Nilikuja Ujerumani mwaka 2014 kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, kusomea shahada ya uzamivu katika magonjwa ya mimea. Nia ilikuwa nisome, nirudi, nifundishe. Nilipomaliza, nafasi niliyoitegemea nyumbani haikutangazwa, huku nako profesa wangu akanipa mkataba wa utafiti. Mkataba ukazaa mkataba. Leo nina kibali cha ukaazi wa kudumu, nina kazi, nina hata wanafunzi ninaowasimamia.

Kuanzia tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani ilibadilisha sheria yake ya uraia. Zamani ulitakiwa kuukana uraia wako kwanza. Sasa hawadai hivyo, na miaka ya kusubiri imeshuka kutoka minane hadi mitano. Kwa upande wangu kila kitu kipo. Kijerumani ninacho, ule mtihani wa maswali 33 ambao ukipata 17 umefaulu nilishaufanya, ada ya euro 255 nimeitenga. Fomu nimejaza zote. Bahasha iko kwenye droo tangu Pasaka na sijaituma.

Nikueleze kwa nini nataka. Mwaka juzi makala yangu ilikubaliwa kwenye mkutano wa kisayansi Canada. Visa ikatoka mkutano umeshakwisha. Mwanafunzi wangu, Mjerumani wa miaka 26, alikata tiketi, akapanda ndege, akasimama mbele ya watu kueleza utafiti ambao data zake nilizikusanya mimi. Alinitumia picha, kijana wa watu, akidhani nitafurahi. Halafu kuna siasa. Uchaguzi wa Februari 2025 chama cha AfD, kile cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kimeshika nafasi ya pili nchi nzima, na mtaani kwetu kura zao ni nyingi kuliko hizo za kitaifa. Oktoba ya mwaka huohuo Bunge likafuta ile njia ya mkato ya kupata uraia kwa miaka mitatu. Haikuwa inanihusu, lakini iliniogopesha. Leo wamefunga mlango ule, kesho je?

Sasa upande wa pili. Baba alifariki 2019. Kabla ya hapo aliita ukoo, akasema mbele yao kwamba sehemu ya chini ya kihamba, lile shamba letu la ukoo, kuanzia mfereji hadi kwenye makaburi ya babu na bibi, ni yangu. Kwetu kihamba hurithi watoto wa kiume, dada, mtoto wa kike hupewa ndizi akiondoka. Baba alisema mimi ndiye niliyesomesha wadogo zangu na kumjengea mama nyumba, basi nimestahili. Alipanda masale, ule mmea wetu wa kuwekea mipaka, kwa mkono wake, na mikono hiyo ilikuwa inatetemeka. Ikaandikwa barua mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Baba mdogo hakutia saini. Alichukua kofia yake akaondoka.

Tanzania haina uraia pacha. Nikiwa Mjerumani, Utanzania wangu umekwisha, na asiye raia hamiliki ardhi. Baba mdogo ameshaanza kusema kwenye vikao: "Hana mume, hana mtoto, yuko kwa Wazungu. Kihamba cha nini?" Akisikia nimebadilisha uraia atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Rafiki yangu Mkenya ananicheka. Yeye alichukua uraia akabaki na pasipoti zote mbili, Katiba yao ya 2010 inaruhusu. Watanzania wenzangu huku wananiambia nikae kimya tu: "Wajerumani hawaulizi, Tanzania hawatajua."

Mama sijamwambia. Ana sukari na presha. Kila nikimpigia Jumapili ananiuliza swali lilelile: "Umemaliza hayo masomo?" Nilimaliza 2018, dada. Nilimwambia. Bado anauliza.

Je, nitume hiyo bahasha? Na nikiituma, nitakuwa nimemsaliti baba?

Binti wa Migombani


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiacha, nikaisoma tena siku ya pili, kwa sababu kwa haraka inaonekana ni barua ya pasipoti na sidhani kama ni hivyo. Nikikusikia vizuri, unaniambia hivi: umeishi ugenini kihalali, umefanya kazi, na sasa nchi uliyomo iko tayari kukuhesabu kama mtu wake bila kukudai uikane ya kwako. Anayekudai ni nyumbani. Na kitu utakachopoteza nyumbani si karatasi, ni sehemu ya kihamba ambayo baba yako alivunja desturi ili akupe. Desturi ilikunyima kwa kuwa ni mwanamke, baba akakupa, sheria ya uraia inataka kukunyang'anya kwa mlango mwingine. Hasira yako hukuitaja, lakini nimeiona, na ningekuwa wewe ningekuwa nayo pia.

Ninachokiona ni kwamba umefunga mambo matatu ndani ya bahasha moja: usalama wako huko, uzee wa mama, na kihamba. Unataka uamuzi mmoja uyamalize yote. Lakini kila moja lina ratiba yake, na mengine yanaweza kushughulikiwa wiki hii bila kugusa ile droo.

Nianze na kihamba, maana ndicho kinachokuuma.

Kisheria hofu yako ina msingi. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakoma. Huhitaji kwenda kuukana kwenye dirisha lolote, unakoma wenyewe. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hilo sitalipaka rangi. Ila ngoja nikuulize: leo hii, ukiwa Mtanzania kamili, una nini mkononi kuhusu kile kipande? Una barua ya kitongoji, ambayo baba mdogo hakuisaini, na masale. Masale kwa Mchagga ni mpaka wenye heshima, nalijua hilo, lakini aliyeyapanda ameshatangulia, na wanaoheshimu ishara hizo wanapungua. Hati ya hakimiliki ya kimila hukuwahi kuifuatilia. Baba mdogo hahitaji wewe uwe Mjerumani ndipo akusumbue. Anaweza kuanza kesho asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza pasipoti itakifanya nini kihamba, uliza kihamba kiko salama kiasi gani sasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Uko upande mzuri wa sheria hiyo maadamu ni raia. Tafuta mwanasheria wa ardhi aliye Moshi, si wa mtandaoni, umpelekee ile barua, umuulize mambo mawili kwa maandishi: hati inaweza kutoka kwa jina la nani, na mwenye hati akikoma kuwa raia nini kinafuata. Jibu la swali la pili ulipate kabla bahasha haijaondoka. Ukilipata baadaye litakuwa habari tu.

Katika mazungumzo hayo utaletewa wazo la kuandika jina la mtu mwingine. Huenda ni mama, au mmoja wa wadogo zako uliowasomesha. Kuna busara ndani yake na kuna mtego. Likiwa jina la mama, nyumba anayoishi inakuwa yake mbele ya macho ya wote, na mjane mwenye hati ni vigumu kumsogeza. Lakini siku mama hayupo, kikao cha ukoo kinafunguliwa upya, na wewe wakati huo huenda ni mgeni kisheria. Likiwa jina la mdogo wako, unamtegemea yeye, na pia mke wake, na watoto wake, na shida zitakazomkuta. Simsemi vibaya, simjui. Nasema tu kwamba nimesoma barua nyingi kwenye safu hii za ndugu waliopendana mpaka siku mmoja wao alipohitaji dhamana ya mkopo.

Sasa hilo la kukaa kimya na pasipoti mbili. Wanaokushauri hivyo hawakutakii mabaya, na najua wapo wanaoishi hivyo miaka. Lakini wewe si kama wao. Kule Tanzania Utanzania wako utakuwa umekoma siku ile unapokabidhiwa cheti cha Kijerumani, na kila utakapoonyesha pasipoti ya zamani pale uwanja wa ndege wa KIA utakuwa unatoa taarifa ya uongo kwa afisa wa Uhamiaji. Ikiisha muda itabidi ujaze fomu ya kuomba nyingine, na hapo uongo unakuwa na saini yako. Mara nyingi siri ya namna hii haifichuliwi na serikali. Hufichuliwa na mtu mwenye ugomvi na wewe, na ugomvi wa ardhi ndio wa kwanza kwenye orodha. Una baba mdogo anayetafuta sababu. Ukichagua njia hiyo, ujue utakuwa umempa fimbo na kuomba asiione.

Kuhusu rafiki yako Mkenya, mwache acheke. Kenya wanaruhusu, Uganda na Rwanda wanaruhusu, na Watanzania walioko nje wameupigia kelele uraia pacha kwa miaka. Ambacho serikali yetu imekiendea ni hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, na sheria za uhamiaji na ardhi zimefanyiwa marekebisho kwa ajili hiyo. Hadhi si uraia, usidanganyike. Hutapiga kura kwa hadhi. Lakini kwa mtu mwenye swali lako hiki si kitu cha kupita juu juu. Mwambie mwanasheria akusomee masharti yenyewe na akuambie kama ardhi ya kimila kijijini inaingia humo au haiingii. Usisome tafsiri za kwenye makundi ya WhatsApp. Humo kila mtu ni waziri.

Tuje kwa mama. Umeandika kwamba ana sukari na presha, na ukapita haraka. Nadhani hapo ndipo penye jambo ambalo hukulipigia hesabu. Kibali cha kudumu cha Kijerumani, kwa kawaida, hufa chenyewe ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Mama akilazwa, ukaenda kumuuguza, ukakaa miezi minane, unaweza kurudi ukakuta huna pa kurudi. Ukiwa na pasipoti ya Kijerumani hilo halikupati, unaweza kukaa Marangu hata miaka mitatu na Ujerumani ikakupokea. Lakini Tanzania sasa, bila ile hadhi maalumu, itakupokea kama mtalii: viza ya dola 50, siku 90, kisha uanze kuomba kibali cha kuishi kwenye kijiji ulichozaliwa. Pande zote mbili zinabana, kila moja kwa namna yake, na ni wewe unayejua kama mama yako ni wa kuuguzwa kwa wiki mbili au kwa mwaka.

Na hapa kuna njia ambayo sikuiona kwenye barua yako. Ofisi ya wageni inaweza kukuongezea huo muda wa miezi sita ukiomba kabla ya kuondoka, ukiwa na sababu. Vilevile kuna kibali kingine cha kudumu, kile cha Umoja wa Ulaya, ambacho kinavumilia miezi kumi na miwili nje ya Umoja. Kwa miaka uliyokaa huenda unastahili kukiomba. Hakikupi kura wala hakikurahisishii Canada, lakini kinakuacha Mtanzania na kinakupa mwaka mzima wa kukaa na mama. Sisemi ndicho. Nasema usiamue kati ya vitu viwili wakati viko vitatu au vinne.

Ukibaki na uraia wako, utabaki pia na foleni za visa. Ile picha ya mwanafunzi wako imeniuma hata mimi nisiyejua chochote kuhusu magonjwa ya mimea. Na itajirudia, usijidanganye kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Miaka yako ya kuzunguka na kujulikana katika fani ni hii, ya 38 hadi 50, si ile ya kustaafu. Mtu anaweza kukaa na uchungu wa namna hiyo kwa utulivu, na mwingine ukamgeuza akawa anaichukia pasipoti aliyoitunza. Wewe ni yupi? Ulipoona ile picha, ulilia au ulikasirika, na ulimkasirikia nani?

Nikuulize na la siasa. Unaandika kana kwamba bahasha ni kinga. Kwa kiasi ni kinga: raia hafukuzwi nchini mwake, na atapiga kura, jambo ambalo huwezi kulifanya sasa dhidi ya hao wanaokuogopesha. Lakini jirani anayekutazama vibaya kwenye basi haoni pasipoti, anaona ngozi. Kama unachotafuta ni kuacha kuogopa mtaani, cheti hakitakuletea hicho, na ni vizuri ujue kabla hujakilipia kwa kihamba. Kama unachotafuta ni haki ya kubaki hata upepo ukibadilika, hicho kitakuletea. Kuogopa si sababu ya aibu ya kuchukua uraia. Wengi waliochukua waliogopa, ingawa kwenye sherehe husema mengine.

Umeniuliza kuhusu kumsaliti baba. Sitamsemea marehemu, na ningependa na wewe usimsemee. Ninachokiona kwenye maelezo yako ni mzee aliyetazama desturi ya ukoo wake, akatazama na aliyoyafanya binti yake, akachagua. Alijua unaishi wapi alipochagua. Mwaka 2019 ulikuwa tayari huko miaka mitano. Hakuandika "mpaka atakaporudi", au kama aliandika, hukuniambia. Inawezekana alitaka uwe na pa kurudi. Inawezekana alitaka tu watu wasikie kwamba umestahili, na hilo lilikwisha kufanyika siku ileile, halifutwi na afisa yeyote. Kati ya hayo mawili lipi ni kweli? Yupo mtu aliye hai anayeweza kukusaidia kujua, naye unampigia kila Jumapili.

Ndiyo, mdogo wangu, nakuja hapo. Mama anakuuliza kama umemaliza masomo. Ulimjibu 2018, na bado anauliza. Wewe umelichukua kama usahaulifu wa uzee, au pengine kama lawama. Mimi nalisikia kama mama mwenye adabu anayeuliza "utarudi?" bila kukubana. Nawe kila Jumapili unajibu la masomo. Huenda anataka usikie kwamba hatakuona tena ukikaa pale. Huenda ameshakubali na anataka wewe ndiye ulitamke. Na huenda, tusimwekee maneno mdomoni, anajali zaidi nani atamtetea nyumba kuliko rangi ya jalada la pasipoti yako. Umepanga maisha yake yote kichwani mwako, ugonjwa, uchungu, aibu mbele ya ukoo, na hujamuuliza hata neno moja.

Kwa simu jambo hili ni zito. Kama unaenda Desemba, mwambie ukiwa jikoni naye, mikono ina kazi, si mbele ya wadogo zako na si siku ya sikukuu wageni wakiwepo. Usianze na "nataka kuchukua uraia". Anza na swali lake: mwambie masomo yalikwisha, na kwamba kilichobaki ni kazi na maisha, na kwamba hujui uyaweke wapi. Halafu nyamaza kidogo. Mama wa Kichagga hawahitaji kusukumwa ili waseme wanachofikiri.

Baba mdogo mwache mwisho, lakini usimruke. Asisikie kutoka kwa mtu mwingine. Kama wapo wazee walioshuhudia siku ile na wangali hai, waone kwanza, uwaombe wakumbuke kwa sauti mbele ya mwenyekiti, na iandikwe. Mashahidi wa barua ya 2019 hawazidi kuwa vijana.

Bahasha ikae kwenye droo au iende, hilo ni lako, na nikikuambia leo "tuma" au "chana" nitakuwa nimejifanya baba mdogo mwingine. Ujue tu kwamba hata ukituma, miji mingi huchukua mwaka na zaidi kujibu, na mpaka siku ya kukabidhiwa cheti unaweza kuyaondoa maombi yako. Kwa hiyo kutuma siyo kukoma, na kutotuma siyo kukataa.

Mwanasheria wa Moshi anza naye wiki hii, kwa barua pepe, kabla ya kukata tiketi. Na ukishazungumza na mama, niandikie alichosema, kwa maneno yake.

Dada yako